Pombe Si Moja

Sisi vijana wa Koboko na Arua tumezoea kuona bango moja kila mahali. Limechorwa chupa iliyokatwa kwa mistari miwili myekundu, na chini yake maneno mawili: Epuka pombe. Nia yake ni nzuri, na hatuna ugomvi na aliyelichora. Wengi wetu hatunywi kabisa. Wengine ni Waislamu, wengine walokole, wengine wameona nyumbani kwao kile pombe inachofanya wakaapa wasiiguse. Lakini bango hilo linasema "pombe" kana kwamba ni kitu kimoja. Sisi tunaokaa hapa tunajua siyo kimoja. Tena tunajua kwamba kutokujua tofauti kati ya pombe na pombe kunaweza kumfanya mtu asiamke kesho.

Hiyo ndiyo hoja yetu leo, na tunaisema kwa vijana wenzetu na kwa ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye mashirika: acheni kutia vinywaji vyote kwenye gunia moja. Kabla ya kutuambia tuache, tusaidiane kwanza kujua kilicho ndani ya kikombe.

Tuanzie mbali kidogo, maana kuna ubishi ambao hauishi vijiweni. Wapo wenzetu wanaosema tequila ni kinywaji cha watu wa maana, na arege ni ya walevi. Wanaiona tequila kwenye video za muziki na kwenye baa za Arua mjini, inamiminwa kwenye kile kikombe kidogo, na chumvi na ndimu pembeni. Arege wanaiona nyuma ya nyumba, kwenye jeri la njano. Basi wanamaliza ubishi hapo hapo: ile ni safi, hii ni chafu.

Hebu tuangalie vizuri. Tequila inatoka Mexico, hasa jimbo la Jalisco, na inatengenezwa kwa mmea unaoitwa agave ya bluu. Ukitaka kuupata picha, fikiria mkonge. Ni ndugu wa damu. Mkonge wenyewe asili yake ni Mexico, na uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, na kutoka hiyo yakazaliwa mashamba yote tunayoyasikia ya Tanganyika. Huku Afrika Mashariki tulichukua majani tukatengeneza kamba. Kule Mexico wanaacha agave ikue miaka sita, saba au zaidi, wanakata majani yote, wanabaki na moyo wa mmea ulio kama nanasi kubwa sana. Wanaupika, wanaukamua, maji yake matamu wanayaacha yachachuke, halafu wanayachemsha na kukusanya mvuke. Kwa kweli hakuna mama yeyote wa Lobule ambaye angeshangazwa na kazi hiyo. Angeuliza tu pipa lao ni la ukubwa gani.

Wanaoionja tequila kwa makini wanailinganisha kwa aina. Ipo nyeupe, blanco, ambayo haikukaa kwenye pipa au imekaa muda mfupi sana. Hiyo unasikia ladha ya mmea wenyewe, majani na pilipili manga. Ipo reposado, iliyopumzishwa kwenye pipa la mbao ya mwaloni angalau miezi miwili. Inaanza kuwa na rangi ya asali. Ipo añejo, iliyokaa angalau mwaka mmoja, na nyingine inayokaa miaka mitatu na kuendelea. Kadiri inavyokaa ndivyo ladha ya mbao inavyopanda na ladha ya mmea inavyoshuka. Ndiyo maana hata waonjaji wazoefu hawakubaliani. Wapo wanaosema ile ya zamani ndiyo bora. Wengine wanasema ile nyeupe ndiyo ya kweli, kwa sababu haina pa kujificha. Halafu kuna tofauti nyingine kubwa zaidi: ipo tequila ya agave asilimia 100, na ipo ile ambayo sheria inaruhusu hadi asilimia 49 ya sukari yake itoke kwenye mimea mingine, kama miwa. Zote mbili zinaitwa tequila. Anayejua kusoma lebo anajua anachonunua.

Sasa, je, tequila ilizaliwa na heshima hiyo? Hapana. Mwaka 1785 mfalme wa Hispania alipiga marufuku vinywaji vya aina hiyo kule Mexico, kwa sababu vilikuwa vinaharibia soko mvinyo na brandi zilizotoka kwake. Watu waliendelea kupika kwa kujificha. Miaka kumi baadaye, mwaka 1795, familia ya Cuervo ikapewa leseni, na leo jina hilo liko kwenye chupa duniani kote. Mwaka 1974 serikali ya Mexico ikatangaza kwamba jina "tequila" ni mali ya nchi, na mtu wa nje haruhusiwi kulitumia. Mwaka 1994 likaanzishwa baraza la kusimamia. Kila chupa ya kweli ina namba inayokuambia imetoka kwenye kiwanda kipi. Kuna hata kipimo cha sumu. Methanoli isizidi miligramu 300 kwa kila mililita 100 za alkoholi tupu.

Mnaona tunakoelekea? Kinachofanya tequila iheshimiwe siyo ladha peke yake. Ni kwamba mtu akiumia, kuna namba kwenye chupa na kuna mlango wa kwenda kubisha.

Turudi nyumbani. Huku West Nile tuna vinywaji vyetu, na ukivilinganisha kwa makini kama wenzetu wanavyolinganisha tequila, utaona vinajieleza vizuri tu.

Cha kwanza ni kwete. Hii haichemshwi ikawa mvuke. Unga wa mahindi unalowekwa mpaka uchachuke kidogo, unakaangwa kwenye chuma kipana mpaka uwe kahawia, halafu unachanganywa na maji na unga wa kimea, yaani ulezi uliooteshwa ukakaushwa. Kwete ya siku ya kwanza ni tamu na nzito, karibu ni uji. Siku inayofuata inakuwa chachu, na inaanza kukushika taratibu. Mtu anayejua kwete anasikia harufu ya unga uliokaangwa kabla hata hajaonja, na anajua kama kimea kilioteshwa vizuri au mama alikuwa na haraka. Kwete ni kinywaji cha kulima pamoja, cha mahari, cha matanga. Wazee wanakunywa wamekaa, wanaongea. Ndugu zetu wa Sudan Kusini nao wana merisa yao ya mtama. Wale wa Kivu wana kasiksi ya ndizi. Majina ni tofauti, lakini zote ni ukoo mmoja, pombe zilizochachuka tu, nguvu yake ni ndogo, na zinaharibika haraka. Huwezi kuificha kwete dukani miezi sita. Ikizeeka inakuambia yenyewe.

Cha pili ni arege, waragi ya kupikwa nyumbani. Wakongo wa upande wa Ituri tunaiita kaikpo, wengine lotoko. Wenzetu waliotoka Juba wanaiita siko. Mara nyingi huku inatengenezwa kwa muhogo na kimea, au kwa sukari guru na molasi. Ya muhogo inakauka mdomoni, na mwishoni ina harufu kidogo ya udongo na moshi. Ya molasi ni laini kwenye ulimi, halafu inakupiga baadaye. Wapishi wenyewe wanajuana. Mama huyu maji yake ya kupozea bomba ni baridi siku zote, kwa hiyo pombe yake haina harufu ya kuungua. Yule anapika kwa moto mkali kwa sababu ana haraka ya soko. Yule mwingine anatupa ile ya kwanza kabisa inayotoka kwenye bomba, yenye harufu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Huyo ndiye wa kumwamini kidogo kuliko wengine. Wapo wanywaji wanaoitaka hasa hiyo ya kwanza, eti ndiyo yenye nguvu. Jamani, hiyo siyo nguvu.

Hatusemi arege ni salama. Pombe ya kupikwa ni kali, haijapimwa, na leo inaweza kuwa na nguvu mara mbili ya jana bila mtu kujua. Mapipa mengine yalibeba vitu vingine kabla ya kubeba pombe, na mabomba ya vyuma vya zamani yanaweza kutoa risasi inayoingia mwilini polepole. Lakini kuna jambo moja ambalo arege ya jirani inalo. Unajua nani aliyeipika. Anakaa kwenye kijiji chako. Watoto wake wanasoma na wadogo zako. Akikuua, hana pa kukimbilia. Hiyo siyo maabara, lakini ni aina ya dhamana.

Cha tatu ndicho kinachotufanya tuandike. Ni ile jini ya bei rahisi yenye chupa ya plastiki na lebo ya kung'aa, wakati mwingine yenye ladha ya nanasi au kahawa, ambayo hakuna hapa anayejua ilikotoka. Zamani ilikuwa kwenye vipakiti. Tanzania ilipiga marufuku viroba mwaka 2017. Uganda nayo ikazuia vipakiti mwaka 2019, ikasema chupa isiwe chini ya mililita 200. Ilikuwa hatua nzuri, hasa kwa wanafunzi waliokuwa wanaficha vipakiti kwenye soksi. Lakini kilichokuwa kwenye kipakiti kinaweza kuhamia kwenye chupa. Na sisi tunaishi mahali ambapo mipaka miwili iko karibu, wa Congo na wa Sudan Kusini. Bidhaa inavuka Vurra au Oraba kwa pikipiki, na haina haja ya kujieleza.

Agosti 2022, watu wasiopungua 10 walikufa Arua na Madi-Okollo baada ya kunywa jini iliyoshukiwa kuwa na sumu. Haikuwa arege ya jeri la njano. Ilikuwa jini ya chupa, yenye lebo, ile ambayo kijana anainunua akijiona ameendelea kuliko mjomba wake anayekunywa kwete chini ya mwembe. Mwaka 2010, upande wa Kabale, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi iliyokuwa na methanoli. Kenya, Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa ndani ya siku chache, na wengine wakapofuka. Hata Mexico kwenyewe, Mei 2020, wakati maduka ya pombe yalipofungwa kwa sababu ya korona, makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye methanoli. Nchi yenye baraza la tequila na namba kwenye kila chupa! Kwa sababu watu walipokosa kile kilicho na namba, walikunywa kisicho na namba.

Hapa ndipo mambo ya kuonja yanapokwama, na tunaomba kila kijana aelewe hili. Methanoli huwezi kuionja. Inafanana na alkoholi ya kawaida kwa rangi, kwa harufu na kwa ladha. Mzee aliyekunywa miaka 40 hawezi kuitambua. Kuwasha kiberiti na kuangalia kama moto ni wa bluu si kipimo cha kuaminika. Kuchanganya na soda hakuiondoi. Nafaka na muhogo vikichachuka vinatoa methanoli kidogo sana. Vifo vingi vya pamoja vinatokea pale mtu anapoongeza methanoli ya viwandani, ile ya kutengenezea rangi na vitu vya kusafishia, kwa sababu ni rahisi kuliko alkoholi halali. Yaani siyo kosa la upishi. Ni biashara ya mtu.

Na inavyoua ni kwa ujanja. Unakunywa, unalewa kama kawaida, unalala. Sumu inakuja baadaye, mara nyingi baada ya saa 12 mpaka 24, kwa sababu mwili unaigeuza polepole kuwa asidi. Ukiwa umeichanganya na pombe nyingine, inaweza kuchelewa zaidi. Kichwa kinauma, tumbo linauma, unatapika, pumzi inakwenda haraka. Macho yanaona ukungu, au kama vile kuna mwanga mweupe kila mahali. Watu wanasema ni hangover. "Mwache alale, ataamka." Wengine hawaamki. Lakini ukifika hospitali mapema, kuna tiba. Kuna dawa ya kuzuia mwili usiigeuze sumu, kuna njia ya kupunguza asidi, na kuna kusafisha damu kwa mashine. Kila saa inayopotea ni macho yanayopotea.

Sasa tuwaulize ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima. Tangu mmeanza kutufundisha madhara ya pombe, ni mara ngapi mmetuambia haya? Tumekaa kwenye semina nyingi. Tumesikia kwamba pombe inaleta ugomvi nyumbani, mimba za utotoni, kuacha shule. Ni kweli yote, hatupingi. Lakini neno methanoli wengi wetu hatukulisikia kwenye semina. Tulilisikia watu walipokwisha kufa.

Tena tuseme jambo la mama zetu. Anayepika arege kwenye makazi ya wakimbizi mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi yuko peke yake na watoto. Siyo kwamba anapenda walevi uani kwake. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulianza kugawanywa kwa makundi, wengine wakapewa zaidi, wengine kidogo. Mwaka 2025 WFP ikatangaza kwamba wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda wanatolewa kabisa kwenye mgao. Ardhi tuliyopewa ni kipande kidogo. Sabuni, daftari, ada ya shule, dawa, hela ya kusaga mahindi, vyote vinataka shilingi. Muhogo ukiuzwa mbichi unaleta kidogo. Ukikauka na kupita kwenye bomba, unaleta zaidi. Mama anajua hesabu hiyo bila kwenda chuo. Baadhi yetu tunaosoma na kuandika maneno haya tulilipiwa shule na hilo bomba.

Halafu inakuja siku ya operesheni. Mapipa yanatobolewa, pombe inamwagwa, mama anatozwa faini. Jioni ile ile, duka la pembeni ya barabara linauza zile chupa za plastiki kama kawaida. Wanywaji hawakuacha kunywa, wamehamia dukani tu. Wametoka kwa mpishi wanayemjua wakaenda kwa mtengenezaji wasiyemjua. Hapo tumewalinda au tumewasukuma?

Na hili halikuanza na wakimbizi. Mwaka 1965 Uganda ilipitisha sheria ya enguli, yaani pombe hiyo hiyo ya kupikwa. Ilisema hakuna kupika bila leseni, na wenye leseni wauze kwa kiwanda kiisafishe. Hapo ndipo ilipotoka ile Uganda Waragi ya chupa tunayoijua. Fikirini hilo. Kinywaji ambacho leo kiko kwenye rafu za uwanja wa ndege kilianza kwenye vyungu vya vijijini. Kwa miaka mingi kampuni inayokitengeneza imekuwa chini ya Diageo ya Uingereza, kampuni hiyo hiyo yenye tequila ya Don Julio. Kwa hiyo arege ya bibi na tequila ya video siyo mbali kama mnavyodhani. Tofauti ni kwamba kinywaji kilipata karatasi, lakini wapishi wengi wa vijijini hawakupata.

Tunajua mtakachosema. Mtasema: nyie vijana mnatetea pombe. Tumelijadili hilo kwenye kikundi, na tulibishana mpaka usiku. Dada mmoja kati yetu alisema wazi: "Mimi baba aliponipiga hakuwa amekunywa methanoli. Alikuwa amekunywa arege safi ya jirani." Hakuna aliyeweza kumjibu, na hatutajaribu kumjibu hapa. Yuko sawa. Pombe isiyo na sumu bado inavunja nyumba. Kijana anayekunywa kila siku kwa sababu hana kazi, hana shule na hana habari za ndugu zake walioko upande wa pili wa mpaka, huyo hasaidiwi kwa kuambiwa achague chupa yenye alama. Anasaidiwa kwa kazi, kwa mtu wa kuongea naye, kwa kitu cha kumfanya atake kuamka asubuhi.

Lakini dada yetu huyo huyo ndiye aliyesema pia: "Hata hivyo sikutaka afe." Ndiyo maana tunasema haya mawili yanaenda pamoja. Unaweza kupigana na ulevi na bado ukamlinda mlevi asife. Bango lenye mistari myekundu linafanya la kwanza tu, na linalifanya nusunusu.

Wengine watasema basi ruhusuni tu, toeni leseni, mambo yataisha. Nayo si rahisi hivyo. Kenya ilibadilisha sheria mwaka 2010, chang'aa ikaruhusiwa kwa leseni na kwenye chupa. Miaka minne baadaye vile vifo vikatokea. Sheria ikiwa na masharti ambayo mpishi maskini hawezi kuyafikia, anabaki gizani na mwenye pesa anaingia sokoni. Tequila nayo ina somo hilo. Jina lililindwa, lakini faida kubwa siyo lazima imfikie mkulima anayekata agave juani. Tukitaka karatasi, tuulize karatasi itakuwa ya nani.

Basi tunaomba nini? Mambo ambayo yanawezekana hapa hapa, bila kungoja bunge.

Kwa wafanyakazi wa mashirika na wa afya: ongezeni methanoli kwenye mafunzo yenu. Dakika kumi zinatosha. Semeni dalili zake kwa Kiswahili, Kikakwa, Kilugbara, Kilingala na Kiarabu cha Juba. Wahudumu wa afya wa vijiji wajue kwamba mtu aliyekunywa jana na leo haoni vizuri ni wa dharura, apelekwe mara moja, na asitukanwe mapokezini kwa sababu ananuka pombe. Mtu akiogopa kutukanwa, anabaki nyumbani, na akibaki nyumbani anakufa.

Mkileta miradi ya kipato, msiwaruke akina mama wapishi eti biashara yao ni mbaya. Hao ndio wanaojua kuotesha kimea, kupima moto, kuhesabu faida, kuuza kwa mkopo na kudai. Wapeni kazi inayolipa angalau kama pombe inavyolipa, siyo semina ya kutengeneza sabuni ambayo kila mtu kijijini ameshafundishwa. Na kwete ya siku ya kwanza, ile tamu ambayo hata watoto wanapewa, ni chakula. Hakuna anayeweza kuifanyia kazi hiyo iuzwe kwa usafi sokoni Koboko?

Kwa viongozi wetu na kamati za wakimbizi: mkifanya operesheni, anzieni dukani. Ulizeni chupa imetoka wapi. Pombe ya chupa nchini Uganda inatakiwa iwe na alama ya ubora ya UNBS na stempu ya kodi ya kidijitali. Alama siyo kinga kamili. Lakini chupa isiyo na alama, isiyo na jina la kiwanda wala tarehe, hiyo haina sababu ya kuwepo kwenye rafu. Na mpishi akikubali kutupa ile ya kwanza, kuacha mapipa ya kemikali na kutowauzia watoto, muongee naye kabla ya kumtobolea pipa.

Kwa wenzetu vijana: kama hunywi, usianze, hujakosa kitu. Kama uko chini ya miaka 18, sheria imeshakujibu. Kama unakunywa, acha kuona haya kuuliza. Nani ametengeneza? Imefika lini? Kwa nini ni rahisi hivi? Jini inayouzwa kwa bei ya chini kuliko kodi yake, kuna mtu amepunguza kitu, na huenda alichopunguza ni uhai wako. Usinywe peke yako. Rafiki akisema macho yake yana ukungu, usimcheke, usimpe maziwa, usimwache alale. Tafuta boda, mpeleke kituo cha afya, na waambie wazi amekunywa nini na saa ngapi. Kama chupa ipo, beba nayo. Na wote mliokunywa chupa hiyo hiyo mwende, hata asiyesikia chochote.

Na kwa wale wanaoendelea kubishana kwamba tequila ni ya watu na arege ni ya walevi: mlevi wa tequila na mlevi wa arege wanaamka na kichwa kile kile. Tofauti ni kwamba mmoja akiamka kipofu, kuna namba kwenye chupa. Sisi hatuombi kuwa Jalisco. Tunaomba kwamba hapa pia, Arua na Koboko, mtu akiinua kikombe ajue kimetoka mkononi mwa nani, na akianguka kuwe na mtu anayejua la kufanya kabla hakujakucha.